Ubao wa saba: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata. Mama yako ameisoma barua yako mara mbili kabla hajaniachia. Sisi hatujambo, mgongo wangu umetulia, na mama yako macho yamepata nafuu tangu abadilishe miwani.

Umeuliza: "Baba, mwaka huu mfuko umebana kweli. Kati ya zawadi na mapambo ya Krismasi, nitengeneze nini kwa mkono na ninunue nini, ili watoto wasione pengo?" Nimekaa na swali hili siku tatu. Lina majibu yake, na ninayoyajua nitakupa. Lakini kila nikilishika linanirudisha kwenye neno lako la mwisho, hilo la pengo. Utanivumilia.

Mapambo tengeneza yote. Hapo sina shaka. Karatasi moja ya A4 ukiikata kwa upana wake, vipande vya sentimita 3, unapata vipande 9. Karatasi 6 zinakupa pete 54, na mnyororo wake unapita mita 3. Tena usitumie karatasi mpya: kalenda ya mwaka unaoisha, majarida, bahasha zilizokwisha funguliwa. Nyota ya pembe 6 wengi huikosea kwa kukunja nusu, nusu, nusu, halafu wanashangaa hawapati sita. Anza na karatasi ya mraba. Kunja nusu, hiyo nusu igawe sehemu tatu zilizo sawa kuanzia katikati ya mkunjo, kama vipande vya keki, kisha kunja nusu mara moja tena, ndipo ukate. Kazi yote iko kwenye zile tatu. Zikipishana hata kidogo, nyota inakwenda upande.

Unga wa chumvi ni wa mama yako, naye yuko hapa ananitajia niandike. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji karibu kikombe 1, yakiingia kidogo kidogo mpaka donge liache kunata. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata maumbo unayotaka, yaweke kwenye oveni nyuzi 100 hadi 120 kwa saa 2 au 3, ukiyageuza. Usiongeze moto kwa kutaka yakauke upesi, maana yatavimba na kupasuka. Yakipoa, paka vanishi pande zote mbili, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa, na baada ya siku chache pambo lisilopakwa hulegea na kudondoka. Yatundike juu, mbali na mbwa wenu. Chumvi nyingi namna ile ni sumu kwake.

Kwenye zawadi ndipo ninapotaka kukuzuia kidogo. Umeniandikia majina 11. Majina 11 kwa mikono miwili, na wewe unatoka kazini jioni! Kazi ya mkono haifichi haraka. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa mtoto, na utalisikia tena kabla barua hii haijaisha.

Najua utakavyonijibu, maana wewe ni mwanangu. Utasema hata haraka inaweza kuzaa kitu kizuri. Ni kweli, na mfano nitakupa mwenyewe. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilizaliwa na haraka. Mwaka 1843, huko London, Henry Cole alikuwa na marafiki wengi wa kuwaandikia na muda hakuwa nao. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikachapwa kama nakala 1,000, na nafasi ikaachwa wazi ya kujaza jina. Hiyo yote ni kukwepa kuandika barua. Lakini kadi zile zilipotoka kwa mchapaji zilipakwa rangi kwa mkono, moja moja. Kwa hiyo sijui kama mfano huu unakusaidia wewe au unanisaidia mimi. Niliposoma habari hiyo nilifikiri kwanza juu ya yule aliyeshika brashi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia.

Unaikumbuka Krismasi ya ubao. Ulikuwa na miaka 8, kaka yako 11. Stoo niliyokuwa nikiitunza ilifungwa mwezi wa kumi, na mimi na mama yako tulikubaliana msijue. Tukawaambia mwaka huu ni Krismasi ya mikono, kila mtu amtengenezee mwenzake kitu. Mliruka kwa furaha. Mama yako alianza kukushonea mwanasesere wako wiki hiyo hiyo, yule mwenye vifungo viwili visivyofanana kwa macho. Alimfumua kichwa mara tatu mpaka shingo ikasimama. Alikuwa na muda kwa sababu alianza mapema, wala si kwamba kazi zake zilikuwa chache kuliko zangu.

Kaka yako aliomba ubao wa drafti. Ubao nilikuwa nao, rafu ya kabati la zamani. Vifuniko vya soda vya kuwa kete nilikwisha kuvikusanya vyote 24. Kilichobaki ni kupima na kupaka rangi, kazi ya alasiri moja. Nikaiacha siku ya kwanza, nikaiacha ya pili, nikaiacha wiki. Nilijiambia natafuta kazi, na kweli nilitafuta. Lakini saa za kukaa bure zilikuwepo nyingi. Nilikuwa sitaki kuushika ule ubao kwa sababu kuushika kulikuwa kukubali kwamba mwaka huu sina cha kununua. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Usiku wa tarehe 24, mlipolala, ndipo nikaushika.

Drafti ina vyumba 8 kwa 8. Nikaacha ukingo pembeni, nikachora mistari 8 ya kusimama, nikachora 8 ya kulala, nikaanza kupaka rangi. Mwanangu, mimi nilihesabu magunia ya watu kwa miaka 14 na hata siku moja hesabu haikunipotea. Mistari 8 inatoa vyumba 7. Ukitaka vyumba 8 unachora mistari 9. Jambo hilo mtoto wa darasa la pili analiona, na mimi sikuliona, kwa sababu sikuwa nahesabu, nilikuwa nakimbia. Asubuhi rangi ilikuwa bado inanata kwenye vidole.

Kaka yako akaufungua. Akafurahi, akamwaga kete, akaanza kuzipanga. Nikakiona kidole chake kikitembea juu ya vyumba. Kikafika mwisho, kikarudi mwanzo, kikatembea tena. Halafu akainua macho akanitazama. Nilijua pale pale, kabla hajasema neno. Mdomo ulifunguka, nikangoja. Ukafunga. Akasema, "Asante sana, baba," akauchukua ubao akatoka nao nje.

Mama yako hakuona. Wewe ulikuwa umeshughulika na mwanasesere.

Kilichofuata unakijua vizuri kuliko mimi, kwa kuwa ulikuwa mpinzani wake wa kwanza. Aliporudi alikuwa na mchezo. Kwenye ubao wa vyumba 7, ukianza na cheusi pembeni, safu zinakwenda 4, 3, 4, 3, mpaka mwisho. Safu mbili za kwanza zinachukua kete 7, na za upande wa pili vilevile, katikati zinabaki safu tatu za kupigania. Kete 7 kwa 7 kwenye vyumba 7. Alilipata hilo peke yake, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Na vifuniko 10 vilivyozidi alivitoboa kwa msumari, ukavifunga uzi, vikaning'inia kwenye mnyororo wa karatasi mpaka mwaka mpya.

Kisha wewe ukaanza kuwaambia watoto wote waliokuja nyumbani: "Baba yetu ametunga mchezo wake, unaitwa saba." Ulisema hivyo mbele yangu, kifua mbele. Nilinyamaza. Nikanyamaza mwaka uliofuata na uliofuata. Uliusimulia hata siku ya kutambulishana na wakwe zako, na mimi nimekaa pale, nikatabasamu.

Sikutunga. Nilikosea, na mtoto wa miaka 11 akanisitiri.

Unaona kwa nini neno lako limenikaa? Unataka watoto wasione pengo. Kaka yako aliliona, tena alilihesabu mara mbili. Safu nzima haikuwepo, kwa kusimama na kwa kulala.

Mama yako ananiambia kwamba basi kosa lilikuwa heri, maana ubao wa dukani ungekwisha sahaulika, na huu bado upo. Kuna saa namkubalia. Nikiwakumbuka mmelala kifudifudi sakafuni, mnagombana kama kingi anaruhusiwa kurudi nyuma, moyo wangu unajaa. Lakini sikubali kuliita heri. Mtoto aliomba drafti. Nilimwona kwa miaka miwili akienda kucheza drafti kwa wenzake, na kila alipokaa mbele ya ubao wa mtu, kidole chake kilipita juu ya vyumba kwanza, kuhakikisha. Alasiri moja tu ndiyo aliyonidai. Kazi ya mkono haifichi haraka. Sikuwahi kuwaambia nilikojifunza maneno hayo, mkadhani ni ya babu yenu.

Basi kwenye majina 11 chagua matatu, labda manne, uanze wiki hii. Pima, halafu pima tena. Wanaobaki waandikie barua, ukurasa mmoja kwa mwandiko wako, wenye jambo moja la mwaka huu mnalolijua wewe na yeye tu. Au wanunulie kitu kidogo bila kuona aibu. Kununua si dhambi. Ukiniuliza matatu yapi, jibu ninalo, liko hapa kwenye ncha ya kalamu. Mama yako ameweka mkono juu ya karatasi. Sawa, naliacha, ingawa nadhani nawe unalijua.

Na hukuniuliza kama uwaambie watoto kwamba pesa hazipo. Sisi hatukuwaambia ninyi. Tulidhani tunawalinda, na pengine kweli tuliwalinda, wewe hasa. Kaka yako sijui. Pengine angeambiwa asingebeba jambo lile peke yake. Au angebeba mawili. Nimeandika mistari mitatu hapa nikaifuta yote. Wako wawatazame wewe mwenyewe, unajua nani kati yao anahesabu.

Ubao uko kwa kaka yako, bila shaka umeuona ukutani. Mwezi uliopita mwanawe alinipigia simu akaniuliza, "Babu, kwa nini uliweka saba, wakati drafti ina nane?" Nikavuta pumzi nimjibu ukweli, kwa mara ya kwanza. Nikasikia simu inachukuliwa. Ni kaka yako. Akaniuliza mgongo unaendeleaje.

Wabusu wajukuu zangu. Msalimie mwenzako.

Baba yako

Mama yako anasema nimesahau tundu la uzi. Litobolewe kwa mrija kabla ya kuingia kwenye oveni, tena liwe kubwa kidogo, kwa maana likishakauka halipanuki, linapasua pambo lote.