Kozi ya miezi sita ya nasi (muuguzi) wa watoto wa inkubeta, nijiunge?

Swali: Habari sista. Mimi ni msichana wa Ahero, nilimaliza fom foo nikapata C ya wastani, Kiswahili C+ na Bayolojia C+. Nataka sana kuhudumia watoto wa inkubeta. Kuna koleji hapa Kisumu wanasema miezi sita tu natoka na cheti cha nasi wa watoto wachanga, karo elfu sitini, na kazi wananitafutia. Mama anataka kuuza ng'ombe. Nijiunge?

Jibu: Mwambie mama asiuze ng'ombe kwanza.

Hili swali nalipata kila wakati, bango la koleji tu ndio hubadilika. Kenya hakuna nasi wa miezi sita. Hakuna. Unasoma unasi kwanza, dipiloma miaka mitatu ama digrii miaka minne, unafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, unapata laiseni, ndio sasa unaweza kupelekwa nyubon, wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi, na baadaye ukabobea huko. Na gredi ulizonitajia zinaonekana kutosha kuomba dipiloma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, sasa unapitia dirishani ya nini na mlango uko wazi?

Kinachonikera zaidi si hata hizo pesa, ni hii dhana eti kazi yetu ni kupenda watoto na kujua kubonyeza mashine. Kubonyeza utafundishwa wiki moja. Chukua mtoto wa kilo 1.1, siku ya pili, ameandikiwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 3 kwa kilo. Hiyo ni 3.3. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, unaongeza maji mililita 6 ndio kila mililita iwe na 10, halafu unavuta 0.33. Saa tisa usiku, macho mazito, mwenzako anakuita kitanda cha pili, nukta ikikuteleza ukavuta 3.3 umempa dozi mara kumi, na hiyo dawa ikizidi inaharibu figo na masikio. Mtoto hatakwambia umekosea.

Ama oksijeni. Mama anaona mashine ya kupima oksijeni ya damu inasoma asilimia 100 anafurahi, na wewe wa miezi sita utafurahi pamoja naye. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia akiwa kwa oksijeni tunamtaka 90 hadi 95, ikikaa juu siku baada ya siku mishipa ya nyuma ya jicho inakua ovyo na anaweza kupofuka. Nasi anayejua anaipunguza huku mama akimwangalia kama mchawi.

Kuna msichana alikuja kwetu na barua ya koleji kama hiyo anatafuta atachimenti, mafunzo ya vitendo, yunifomu imepigwa pasi, viatu vyeupe vipya kabisa. Nikamuuliza namba yake ya indeksi, ile mwanafunzi wa unasi husajiliwa nayo na Baraza. Akanitolea risiti ya karo. Jameni. Nilimnunulia chai, ningemfanyia nini.

Na hawa wakikataliwa hospitalini hawarudi nyumbani, wanaishia kwa vikliniki vya uchochoroni ambapo mwenyewe anawapenda kwa sababu mshahara ni mdogo, wanavishwa koti jeupe na wewe mzazi unawaita daktari. Mtoto wa kilo moja na nusu anaachiwa dripu kama mtu mzima, ama mama anaambiwa akamzungushie chupa za maji moto, wakati angefungwa kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, joto libaki 36.5 hadi 37.5 mkienda hospitali. Hiyo ya kifuani ilianzia Bogotá kule Kolombia miaka ya 1970 kwa sababu inkubeta hazikutosha, na huku kwetu bado hazitoshi. Lakini kliniki itakulipisha vipi kifua chako mwenyewe?

Muulize nasi laiseni yake, mzazi. Rejista ya Baraza unaiangalia kwa simu, na akikasirika ukimuuliza beba mtoto wako utoke.

Wewe wa Ahero, Baraza pia wana orodha ya koleji walizoidhinisha. Hiyo yako ikikosekana hapo usiwapigie hata kuaga, na kama ulishalipa ya fomu, hiyo hesabu kwamba imepotea.