Mtafiti wa afya na chupa ya sampuli

Umeuliza kama mwanafunzi wa epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea katika jamii) anayetaka kuchunguza madhara ya vichafuzi vya maji ya kunywa analazimika kujifunza kemia, au inatosha apokee matokeo kutoka maabara. Kwa maoni yangu haitoshi, na madini ya risasi ndiyo mfano ulio wazi zaidi: maji yaliyolala bombani usiku kucha, yakikingwa asubuhi kabla mtu yeyote hajafungua koki, huweza kuwa na risasi nyingi zaidi, iliyotoka kwenye bomba lenyewe, kuliko yale yanayokingwa baada ya kuachwa yatiririke dakika chache, ingawa nyumba ni ileile na koki ni ileile. Asiyewahi kushika chupa ya sampuli ataiona namba moja kwenye jedwali na kuiamini.

Mkemia naye ana upofu wake. Kujua kwamba kisima kimevuka mikrogramu 10 za aseniki (sumu itokayo ardhini) kwa lita, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani, hakumwelezi mtu amekunywa kiasi gani na kwa miaka mingapi. Huko Bangladesh, visima vilivyochimbwa ili watu waepuke vijidudu vya maji ya juu ya ardhi vilileta aseniki kutoka kwenye mashapo ya chini. Hapo mwanajiolojia alihitajika kabla ya daktari.

Tafuta programu yenye wasimamizi wawili wa fani tofauti, itakayokupeleka ukakinge maji mwenyewe. Semina za pamoja pekee, nakiri, mara nyingi huwa ni watu kusikilizana kwa adabu tu.