Peleka ratiba ya swala kazini kabla baridi haijaingia

Likitajwa suala la Uislamu na nchi za Magharibi kutoelewana, wengi hufikiria vita, katuni na hotuba za wanasiasa. Hayo yapo na yana uzito wake. Lakini mimi ni Mwislamu niliyetoka Tanga, nakaa mapokezi kwenye nyumba moja ya kulea wazee hapa London, na kinyongo nilichokiona kazini mara nyingi kilianza na jambo dogo ambalo hakuna aliyelieleza mapema. Ndugu zangu mnaohamia huku, elezeni kabla hamjaulizwa.

Chukua swala. Kwetu magharibi huingia saa 12 na kitu jioni mwaka mzima. London Julai jua huzama saa 3 usiku, na alasiri huingia saa 11 jioni imeshapita. Anayefanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni ana adhuhuri tu, nayo huiswali wakati wa chakula cha mchana bila mtu kujua. Ngoja Desemba. Adhuhuri saa 6 mchana, alasiri kabla ya saa 8, na saa 10 jioni haijafika jua limeshazama. Swala tatu ndani ya zamu moja!

Msimamizi asiyejua haya anaona nini? Mtu aliyekuwa habanduki kitini Julai sasa anatoka mara tatu kwa siku. Wenzake wananong'ona kwamba amepata kisingizio cha kukwepa kazi. Akiitwa ofisini, anakwenda na hasira zake tayari: hawa hawatupendi. Nimeona watu wema kabisa wakiacha kusalimiana kwa jambo hili.

Misikiti mingi hutoa ratiba ya swala ya mwaka mzima. Ipeleke kwa msimamizi Septemba. Mwonyeshe Julai, kisha Desemba, umwache asome mwenyewe saa zinavyosogea. Mwambie swala pamoja na udhu inachukua muda gani, na muda huo utaufidia vipi. Mimi niliomba mapumziko yangu ya mchana yagawanywe. Msimamizi wangu aliishusha kalamu polepole kwenye safu ya magharibi, kisha akauliza, "Na walioko Scotland wanafanyaje?" Tukabaki tunazungumzia jua.

Sheria usianze nayo. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa dini yake, lakini haikupi ruhusa ya moja kwa moja ya kuacha kazi kila swala inapoingia. Ijue, uiweke akiba kwa siku utakayoonewa kweli.

Swali gumu zaidi huja baada ya shambulio la kigaidi. Mtu anakusogelea kwenye lifti: "Wewe unalionaje?" Wengi wetu huanza kusoma aya, au kuorodhesha dhuluma walizofanyiwa Waislamu. Dhuluma hizo ni za kweli, na siku ya kuzizungumza ipo. Anayeuliza asubuhi ile anataka kujua kama nawe umeumia. Mimi husema nimehuzunika, kisha humsimulia Agosti 7, 1998, al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani wakiwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, hakuna Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu wetu, wapita njia na waliokuwa kazini. Wengi huku hawajawahi kusikia hesabu hiyo. Wakiisikia, wanaelewa kwamba msiba huu ulitufika nasi, tena mapema.

Na sisi tuna yetu. Kwenye futari utasikia, "Wazungu hawana huruma, wanawatupa wazazi wao." Daftari la wageni liko mbele yangu. Yupo binti anayepanda mabasi mawili kuleta soksi za mama yake alizozifua nyumbani, kwa sababu mama hapendi harufu ya sabuni yetu. Wapo wasiotembelewa na mtu, kweli, na inauma sana. Lakini kabla hujalitamka neno lile, muulize mwenzako kazini mama yake anaishi wapi na nani anamhudumia. Sikiliza mpaka amalize.

Kisha mwalike msikitini. Uingereza ipo siku ya misikiti kufungua milango kwa majirani, iliyoanzishwa na Baraza la Waislamu la nchi hiyo mwaka 2015. Ujerumani wanayo yao kila Oktoba 3 tangu 1997. Mwambie mapema kwamba viatu vinavuliwa, asije akafedheheka kwa soksi iliyotoboka. Weka mitandio safi mlangoni, na viti nyuma kwa wasioweza kukaa chini. Hotuba ndefu iacheni, chai na sambusa zitoke mapema. Na wanawake wapokelewe na wanawake, maana swali lao la kwanza karibu kila mara ni wapi wanawake wanaswali. Kama chumba chenyewe ni kidogo na zulia limechakaa, mwachieni mama anayeswali humo ajibu kwa kinywa chake.