Hadi diski ina bedi sekta, fundi anataka kupiga fomati

SWALI: Anko shikamoo. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, mitihani ya shule mbili na picha za pasipoti za wateja wa miaka minne zote ziko kwenye kompyuta moja, hadi diski ya GB 500. Tangu umeme ukatike ghafla wiki iliyopita mashine inaganda ganda tu, folda la picha linafunguka baada ya dakika tatu, na faili zingine zinagoma kabisa kukopi. Fundi kasema ni bedi sekta, nimpe 15,000 apige fomati halafu aweke programu ya kuzitengeneza. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, na hapo ulipo zima hiyo mashine kwanza, maana akishapiga fomati hizo picha ndo umeziaga.

Iko hivi, diski imegawanywa vijisehemu vidogo vidogo, ndo hizo sekta (bedi sekta ni ile isiyosomeka), kila moja inabeba baiti 512 au 4096 kwa zile mpya mpya. Umeme ukikata katikati ya kuandika, sekta inaweza kubaki na maandishi nusu nusu, haisomeki lakini yenyewe ni nzima, ukija kuandika upya juu yake inarudi kazini. Hiyo ndo programu za mafundi "zinatengeneza" halafu unaambiwa diski imepona. Ila kama uso wa sahani ya ndani inayobeba data umekwaruzika au kichwa kinachosoma kimechoka, hakuna programu ya kurudisha hapo, diski yenyewe inachofanya ni kuihama ile sekta na kutumia ya akiba, na akiba ina mwisho.

Utajuaje yako ni ipi? Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, angalia mstari wa 05 (sekta zilizohamishwa) na C5 (zinazosubiri kuamuliwa). Usishtuke ukiona herufi kwenye hesabu, inahesabu kwa kumi na sita, kwa hiyo 10 pale ni 16. Namba ndogo iliyotulia miezi inavumilika, ila ikiwa leo 8 kesho 40 anza kutafuta diski nyingine. Na ukisikia tik tik tik usiwashe tena, na asikudanganye mtu kuifungua mezani, kivumbi kimoja tu kinatosha kuimaliza.

Kama hailii, kazi ya kwanza ni kukopi, matengenezo baadaye. Anza na zile ambazo huwezi kuzipata tena, yaani mitihani na picha, Windows achana nayo utaipiga upya. Faili likigoma liruke uendelee na mengine, usikae kulilazimisha mara kumi. Mtu anayejua Linux anaweza kukusaidia na ddrescue, hiyo inavuta diski nzima kwenda diski nyingine, inachukua kwanza panaposomeka halafu ndo inarudi kuhangaika na pabovu, mimi naipenda kuliko zote.

Kuna watu watakwambia piga chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Sawa, ila baada ya kukopi, sio kabla! Ile inasoma diski nzima masaa na masaa, kwa mgonjwa ni kama kumkimbiza mlimani, tena kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski na kuweka alama pabovu pasitumike, ikimaliza unaweza kukuta picha zako zimegeuka FILE0000.CHK, hutajua ipi ya nani.

Ukishakopi na kuhakikisha picha zinafunguka, hapo sasa piga fomati ndefu, sio ile ya haraka, inaandika sifuri diski nzima kwa hiyo sekta za C5 zitajulikana tu, zimepona au zimehamishwa. C5 ikirudi 0 na 05 haijapanda, basi ulikuwa umeme, itumie kuwekea muvi na singeli. Mitihani ya watu usiirudishe humo. Na usimuuzie mtu kama yuzdi bila kumwambia.