Maswali na Majibu: Fremu za Kuonyeshea Visukuku

Swali: Ndugu Mhariri, visukuku vyangu, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa kwenye mwamba, vimekaa kwa muda mrefu ndani ya boksi, vikiwa vimefungwa kwa magazeti. Ninavyo vipande vya mwamba vyenye alama za majani, makome ya baharini, meno ya papa, na amonaiti kadhaa (viumbe wa kale wa baharini wenye gamba la kujikunja), mojawapo ikiwa inang'aa kama dhahabu. Nimebakiwa na mbao za mwaloni, nami ningependa kuzitumia kutengeneza fremu zenye kioo za kutundika ukutani. Rafiki yangu amenishauri nibandike kila kisukuku kwa gundi ya moto. Je, ushauri huo unafaa, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, nia yako ni njema, lakini gundi ya moto haifai na mbao za mwaloni hazifai. Fremu ya kisukuku hupimwa kwa mambo mawili kabla ya uzuri wake: kwanza, kisukuku kiweze kutolewa siku yoyote bila kudhurika, pili, vitu vilivyotumika kuitengeneza visikiharibu kile ambacho vimewekwa kukilinda.

Tuanze na mbao, kwa kuwa hapo ndipo watengenezaji wengi hukosea pasipo kujua. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki kwa miaka mingi hata baada ya kukauka kabisa, na ndani ya fremu iliyofungwa mvuke huo hauna pa kutokea. Makome yako, ambayo kwa kawaida huwa na kalisiamu kaboneti, yaani chokaa, huweza kushambuliwa na asidi hiyo na kuota unga mweupe ambao baadaye hula nakshi za juu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza aitwaye Byne aliueleza uharibifu huu kwenye makusanyo ya makome akidhani unasababishwa na bakteria, na mpaka leo huitwa ugonjwa wa Byne, ingawa ilikuja kubainika kwamba chanzo chake ni mvuke wa asidi, ambao mara nyingi hutoka kwenye makabati yenyewe. Mbao za MDF, zinazotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa, nazo si salama, kwa sababu gundi iliyoshikanisha unga wake hutoa fomaldihaidi, gesi ambayo huweza kugeuka kuwa asidi nyingine.

Ukiweza, tengeneza fremu kwa alumini au kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu. Ukipenda mbao, chagua zisizo na harufu kali, zipake rangi ya maji, kisha ziache mahali penye hewa kwa wiki nne hivi kabla ya kufunga chochote ndani, kwa kuwa rangi mbichi nayo hutoa mvuke. Rangi ya mafuta iepuke kabisa. Rangi peke yake hupunguza mvuke wa mbao lakini haiuzuii wote. Kwa hiyo bandika karatasi ya alumini kwenye kuta zote za ndani na kwenye ubao wa nyuma. Ukihitaji kuziba nafasi kati ya kioo na fremu, usitumie silikoni inayonuka siki, maana harufu hiyo ndiyo asidi yenyewe tunayoikimbia.

Kina cha fremu hutokana na kisukuku kinene kuliko vyote: pima unene wake, ongeza unene wa sponji kitakapolala, kisha ongeza angalau sentimita moja ili kioo kisikiguse. Kata kona kwa digrii 45, zilainishe kwa msasa, na uunganishe fremu kwa gundi ya mbao na skrubu. Ubao wa nyuma ufunge kwa skrubu tu, bila gundi wala misumari, ili uweze kuufungua bila kugonga nyundo karibu na visukuku.

Sasa tuje kwenye namna ya kukishikilia kisukuku, jambo ambalo ningekuomba ulipe muda mwingi kuliko useremala wote. Gundi ya moto hulegea joto linapopanda, na ikishikilia sana hung'oka pamoja na tabaka la juu la jiwe. Gundi za papo kwa papo nazo ni ngumu mno kuondoa. Njia bora ni sponji ngumu ya polietilini, aina ya plastiki. Chora umbo la kisukuku kwenye karatasi, lihamishie kwenye sponji, kisha chonga shimo la kina cha theluthi moja hadi nusu ya unene wa kisukuku, nacho kikae humo kama yai ndani ya kiota, bila kubanwa. Ukitaka mwonekano mzuri zaidi, funika sponji kwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho kimefuliwa na kusuuzwa vizuri. Usitumie sufu, kwa kuwa hutoa salfa, wala sponji za kawaida za magodoro, ambazo baada ya muda huoza na kunata.

Kwa kuwa fremu itasimama wima, shimo peke yake halitoshi. Chukua waya wa shaba nyeupe, uvishe mrija mwembamba wa polietilini ili chuma kisikwaruze jiwe, kisha tengeneza vikono vitatu: viwili chini vinavyobeba uzito na kimoja juu kinachozuia kisukuku kuangukia mbele. Pitisha miguu ya vikono hivyo kwenye sponji na kwenye ubao wa nyuma, uikunje kwa nyuma. Meno ya papa ni mepesi, nayo yanaweza kushikwa kwa tone dogo la Paraloid B-72, akriliki inayotumiwa na wahifadhi wa makumbusho, kwa sababu hata baada ya miaka mingi huyeyuka tena kwa asetoni, kiyeyushi kinachotumika pia kufutia rangi ya kucha.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kutundika. Kioo cha sentimita 40 kwa 30 chenye unene wa milimita 3 kina uzito wa takriban gramu 900, na kipande cha mwamba cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa sentimita 3 kinakaribia gramu 750. Vipande vinne vya namna hiyo, pamoja na kioo na fremu, vitapita kilo 4. Kwa hiyo tumia skrubu mbili zilizoingia barabara ukutani. Vipande vizito zaidi viache kwenye fremu ya kulaza mezani.

Nimeibakiza kwa makusudi ile amonaiti inayong'aa. Inaelekea mng'ao huo ni wa piriti, madini ya chuma na salfa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60, piriti huweza kuanza kuoza haraka ikitoa asidi kali ya salfa, ambayo hupasua kisukuku, hutoboa lebo na kudhuru vilivyo jirani. Dalili zake ni unga mweupe au wa manjano pamoja na harufu ya salfa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Usiioshe kwa maji, na usiitie kwenye fremu moja na vingine. Iweke peke yake katika kasha la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na pakiti ya silika jeli, yaani chembe zinazonyonya unyevu, na kipimaunyevu kidogo, na uikaushe upya jeli hiyo kila unyevu unapokaribia asilimia 45.

Swali: Je, ninaweza kuweka taa ndani ya fremu, na lebo niziandike vipi?

Jibu: Taa isiwe ndani. Joto lake hukausha hewa, na mwamba wenye matabaka kama ule wa majani yako huweza kuachana tabaka kwa tabaka. Tumia taa ya LED iliyo nje ya kioo, na usitundike fremu mahali jua linapopiga; ukija kupata kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale uliogeuka kisukuku, kumbuka kwamba mwanga mkali huifanya iwe nyeusi na kupasuka.

Kuhusu lebo, andika jina la kisukuku, mahali hasa kilipookotwa, tabaka la mwamba na tarehe, kwa wino usiofutika na kwenye karatasi isiyo na asidi. Kisha andika namba ndogo juu ya tone la Paraloid upande wa nyuma wa kila kisukuku, na namba hiyohiyo kwenye daftari. Lebo ya fremu huweza kupotea siku fremu inapofunguliwa, na kisukuku kisichojulikana kilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mtafiti. Andika namba hizo mara tu unapovitoa kwenye boksi, wakati bado unakumbuka kila kipande kilitoka wapi.