Binti wa kidato cha pili na simu ya usiku

Dada, nimekuelewa: binti yako wa miaka 15 huzima taa saa nne, lakini saa saba usiku bado anaperuzi TikTok ndani ya shuka, na saa kumi na moja na nusu alfajiri haamki mpaka umtikise.

Kwanza, usimwite mvivu. Katika umri huo mwili wenyewe huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Simu huurefusha ucheleweshaji huo, si kwa mwanga wake tu, bali zaidi kwa sababu video haziishi na kundi la darasa la WhatsApp halilali. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18, naye hapati hata 5.

Ningeanza na chaja. Iwekwe sebuleni, na simu zote, pamoja na yako (hapo ndipo wazazi wengi tunapokwama), zilale huko kuanzia saa tatu na nusu. Mnunulie saa ya kengele, maana kisingizio cha kwanza kitakuwa kwamba simu ndiyo inayomwamsha. Usimnyang'anye usiku kwa ugomvi. Kubalianeni mchana, mkiwa mmetulia.

Iwapo usingizi utaendelea kumkataa kwa wiki kadhaa hata bila simu, au ukiona huzuni, kujitenga au dalili za kutishwa mtandaoni, mpeleke kwa daktari. Akizungumzia kujidhuru, nendeni siku hiyo hiyo. Dawa za usingizi usimnunulie kiholela dukani.