Ukienda Mikumi kuhesabu miti, piga magoti kwanza

Mara yangu ya kwanza kuingia Mikumi na futikamba nilikuwa mwanafunzi, na niliharibu kazi kwa kuhesabu mashina manene tu. Tulipima kiwanja cha mita 20 kwa 20 pale miombo inapoanza kupanda vilima. Nikaandika myombo, mtondoro, mninga, mlama, nikafunga daftari. Askari wa hifadhi aliyekuwa akitulinda akaniuliza, "Na huo uliokanyaga?"

Chini ya buti palikuwa na kichipukizi kisichofika goti. Nikamwambia ni majani tu. Akacheka.

Ulikuwa mninga. Mche wa mninga una ujanja wake: kiangazi kikifika, sehemu ya juu hufa au huungua, lakini mzizi hubaki ardhini ukinenepa, na mvua zikirudi unachipua tena. Huenda hivyo miaka kadhaa mpaka upate nguvu ya kurefuka haraka na kuuzidi moto. Kwa hiyo kale kanakoonekana ka juzi kanaweza kuwa kamekula chumvi kuliko unavyodhani, na ukikaruka huwezi kujua kama msitu unajirudishia mininga yake au unakaribia kuikosa.

Siku hizi, ndani ya kiwanja kikubwa nakata kidogo cha mita 5 kwa 5, naweka daftari chini na kutambaa. Miti mikubwa naipima unene kama kawaida, sentimita 130 kutoka ardhini.

Mpingo utakugombanisha na wenzako. Mara nyingi hutoa mashina manne au matano kutoka chini, miiba tele, nawe usijue ni mti au kichaka. Mimi niliandika miti minne, mwenzangu akaandika mmoja, usiku tukabishana mpaka chai ikapoa. Kubalianeni kabla ya kushuka garini, na kanuni iandikwe ukurasa wa kwanza.

Kichuguu nacho usikizunguke kwa uvivu. Udongo wake ni tofauti, na juu yake utakuta mikwaju na mikole ambayo hukuiona hatua ishirini nyuma.

Majina ya kienyeji yachukue yote, ila usiyaamini peke yake. Ukishuka uwanda wa Mkata kila chenye mwiba kitaitwa mgunga, na hiyo ni miti mingi yenye jina moja. Nenda Mei au Juni, majani yakiwa bado yapo. Septemba na Oktoba miombo huchipua majani mekundu, inapendeza kweli, lakini mgeni atashindwa kuitambua. Usivunje tawi bila kibali. Piga picha ya gome, ya jani pande zote mbili, na ya tunda. La mninga hulikosei: duara lenye manyoya magumu katikati na bawa jembamba kuzunguka, mfano wa yai la kukaanga.

Na beba chaji ya akiba ya kupigia picha hizo. Viwanja vyangu viwili vya mwisho vimeandikwa "mlama?" mpaka leo.